Mpira wa Nne

Mashindano ya vyuo vya mashariki
yalianza na mipira minne.
Nimeandika hivyo juu ya ukurasa, kwa penseli,
maana mimi ndiye karani wa alama
na karani huanza kwa kuhesabu alichonacho.

Wa kwanza ulipasuka Alhamisi,
ukatoa nyuzi kama utumbo wa kuku.
Wa pili ulizama mtaroni, nyuma ya ghala la kahawa.
Wa tatu alitoroka nao mbwa wa askari wa zamu,
na askari akaapa hana mbwa.

Basi fainali, Jumamosi, Mbale,
Wanale umejifunika ukungu hadi mabegani,
walimu wa Soroti, wahasibu wa Tororo,
mpira mmoja.

Sare za Tororo zimetoka kwenye robota la mitumba,
zina jina la mji asioujua mtu,
na nambari zimegongana: saba wako watatu.
Nawaandika Saba Mrefu, Saba wa Glavu, Saba Obbo.
Kituo cha kwanza ni gunia la mchele.
Cha pili, gunia. Cha tatu, mkeka wa gari.
Nyumbani ni kipande cha tairi
alichokikata fundi viatu pembe tano
huku akiuliza: nyumba gani hii, haina mlango?

Jana usiku nilimweleza mama kwa simu:
unasimama nyumbani, unapiga, unakimbia,
unazunguka, unarudi nyumbani, unapata alama moja.
Akanyamaza.
Baba yako alizunguka miaka kumi na miwili, akasema.
Nani alimwandikia?

Awamu ya tisa. Tororo tano, Soroti nne.
Wawili wa Soroti wameshatoka.
Emuron yuko kituo cha pili, anapuliza viganja.
Gongo analo Ikwap, mwanafunzi wa hisabati
ambaye wiki nzima hajagusa kitu ila upepo.
Saba Obbo akarusha.

Ukuni mkavu ulivunjika mahali fulani.
Mpira ukapanda, ukawa punje, ukawa wasiwasi,
ukamezwa na mahindi ya Nambozo.

Emuron alifika. Tano kwa tano.
Ikwap alikuwa juu ya mkeka wa gari
mwamuzi alipopaza sauti: simama hapo hapo!
Kwani asubuhi tulikubaliana:
ukiingia mahindini kwa kubingirika, vituo viwili tu;
ukiingia kwa kuruka, rudi nyumbani.
Na nani aliona?

Timu zote mbili zikaingia shambani,
walimu na wahasibu, wakipapasa mizizi kama wezi wa viazi.
Mvua ikashuka kutoka mlimani bila kubisha hodi.
Ikwap hakusogea.
Mguu mmoja kwenye mkeka, fulana imegandamana na mbavu,
macho kwenye kile kipande cha tairi
hatua thelathini mbele yake.
Katika daftari langu njia yake ilikuwa robo tatu,
na penseli ikasita juu ya karatasi iliyoanza kulainika.

Nambozo akatokea, mpira mkononi, karai kichwani kama kofia.
Kwanza mahindi yangu, akasema.
Tukachanga. Wahasibu wakahesabu.
Sasa tuambie, mama: ulibingirika au ulitoka juu?
Akalivua karai, akaonyesha limebonyea pale katikati.

Huenda lilibonyea mwaka juzi, alisema kocha wa Tororo.

Ndipo Saba Obbo, mrushaji wao wenyewe,
akakamua kofia yake, akatazama chini.
Niliusikia mlio wa karai, akasema.
Kabla hata sijageuka.

Hakuna aliyeshangilia mara moja.
Mwamuzi alipunga mkono, na Ikwap akaja,
si mbio, anatembea, anateleza kidogo,
akaukanyaga ule tairi kwa miguu yote miwili
kama mtu anayepima kitanda.
Nikaifunga njia yake. Sita kwa tano.

Usiku mama akapiga tena. Hakuuliza nani bingwa.
Yule kijana wa kituo cha tatu, alirudi?
Alirudi.
Alilowa?
Alilowa, mama.
Basi mpeni chai.