Farasi wa Tõrva

Leza haijui mshazari.
Hushuka wima kama mvua isiyo na upepo,
huchora mstari wa moshi kwenye plaiwudi ya milimita sita,
na kila kipande hutoka na ukingo mweusi
kama kucha za mchoma makaa.
Pembe ni kazi ya mikono.

Vipande mia mbili na kumi na viwili.
Heljo alivipanga sakafuni kwa namba
katika ghala lililokuwa la viazi, bado lanuka udongo.
Baba yake, Ülo, akasimama mlangoni, kofia mkononi,
kama mtu aliyekosea nyumba ya matanga.
"Huyu ndiye farasi?"
"Bado."
"Mimi naona meza zilizovunjika."

Miaka thelathini na mmoja Ülo alibandua mbetula kiwandani:
gogo linazunguka, kisu kimetulia,
mti unakunjuka kama mkeka,
tabaka, gundi, tabaka, joto.
Vidole viwili aliviacha huko.
Hakuwahi kuuliza mbao zinakwenda wapi.

Farasi mwenyewe alikuwepo:
jike la kuvuta magogo, jina lake Mirka.
Picha iliyobaki ni moja, ya ubavu wa kushoto;
wa kulia Heljo aliubuni.
Kompyuta ikampunguza, ikampunguza,
shavu likawa pembetatu tano,
goti tatu,
singa za shingo hazikupata hata moja.
Mimi niliyeajiriwa kushika spana nikauliza,
unajuaje pa kuacha?
Akasema: punguza mpaka asitambulike,
kisha rudisha moja.

Wiki ya kwanza tulijenga kwato.
Wiki ya pili tulibomoa kwato.
Namba 88 ilikuwa imekaa mahali pa 89,
na kosa la digrii mbili kifundoni
likapanda kama umbea
hadi begani, likafika huko lina upana wa ngumi.

Ülo akaja na mkate mweusi. Kesho yake akaja na kiti.
Keshokutwa, patasi. Hakuna aliyemwita.
Alikipiga konzi kila kibao, akasikiliza,
akatenga vile vyenye sauti ya chupa.
"Hivi vina pengo ndani. Vitapasuka kwa baridi."
Tulikuwa tumevilipia.
Viwili tukavifunga kwa ubishi.
Vilipasuka Jumanne.

Boliti zote hukazwa kwa ndani.
Hilo tulilijua, ila kujua si kufikiri.
Kipande cha mwisho, cha mbavuni,
mimi nilikisukuma kwa nje, Heljo akakaza,
nati ya kwanza, ya pili, ya sita,
kisha kimya,
kisha sauti yake, imevaa ubao:
"Nimo ndani ya farasi."

Nyumba isiyo na mlango ni kitendawili chepesi
kwa aliye nje.
Taa ya kichwani mwake ilichuruzika kila mwanya,
mistari mia tatu na kumi na minane ya nuru
kwenye kuta za viazi, kwenye dari,
juu ya koti la Ülo,
juu ya ule mkono wa vidole vitatu.
Ülo alicheka mpaka akakaa chini.
Halafu akajivuta hadi chini ya tumbo, chali, vumbini,
akagonga 140, akagonga 141, 142.
"Hiki," akasema. "Hiki kitoe."
Mabega ya Heljo yalipita kwa taabu,
mashudu ya mbao nyweleni.

Hatukukirudisha.
Sasa Mirka amesimama nyuma ya kituo cha mafuta,
mvua imeanza kumtia kijivu,
na Jumamosi ukipita utamhesabia miguu kumi, kumi na miwili,
mingine imevaa mabuti mekundu ya watoto.

Kipande 141 kiko jikoni kwa Ülo.
Amekitia miguu mitatu, mmoja kila pembe,
na ukingo wake mweusi hakuupiga randa.
Anakatia mkate.