Ng?oa

Steshenari ya Elinami iko Majengo, Moshi,
inapakana na mashine ya kusaga,
vumbi la unga huingia hadi kwenye herufi.
Ukurasa mmoja kuchapa ni shilingi mia tano.
Ndiko nilikopeleka daftari zangu tatu.

Miaka ishirini na miwili nilikuwa karani wa mizani kiwandani,
nikipima kahawa ya watu gunia kwa gunia.
Usiku nilipima mizani nyingine, nane kwa nane,
kwa vidole, juu ya shuka,
mke wangu akidhani nahesabu madeni.

Kompyuta ya Elinami haijui Kiswahili.
Ilipiga mstari mwekundu chini ya kila neno,
skrini nzima ikaiva kama shamba la pilipili.
"Usijali mzee, wekundu huo hautoki kwenye karatasi."
Tukatuma Ijumaa, saa kumi, kabla umeme haujakatika,
kwa Bi Tumsifu Mbazi, wakala wa waandishi, Dar es Salaam.

Jumapili baada ya ibada binti yangu Nakundwa
akaifungua nakala ile kwenye simu. Akanyamaza.
Nami namjua akinyamaza.

Ubeti huu, nilioukalia masika mawili:

    Baba alisema ng'oa, kahawa haina bei,
    Jembe nikalichomoa, mkono haujongei,

ulikuwa umelala hivi:

    Baba alisema ng?oa, kahawa haina
    bei, Jembe nikali
    chomoa, mkono hau

Ukwapi umeachana na utao bila hata talaka.
Kila ng'ombe wangu ametiwa ndoano shingoni.
Na juu ya kila ukurasa, zote themanini na saba,
kwa herufi kubwa nyeusi:
MUHTASARI WA KIKAO, KAMATI YA MFEREJI, KIRUA.
Hata juu ya shairi la harusi yetu.
Hata juu ya lile la msiba.

Elinami akajikuna kisogo.
Alichapa juu ya faili la zamani, kuokoa muda.
Sikumgombeza. Mwaka fulani niliandika sitini na tisa
badala ya tisini na sita,
na mjane mmoja wa Uru akaenda zake
na pengo la kilo ishirini na saba.
Aliporudi kulalamika daftari lilikwisha kufungwa.

Ikabaki barua.
Nilianza, "Kwa unyenyekevu mkubwa," nikafuta.
Nikaeleza yote, umeme, unga, kamati, kurasa mbili,
Nakundwa akasoma juu ya bega langu:
"Baba, anayeomba radhi kwa kurasa mbili
anatafuta kosa jingine."
Nikafuta.
Tukatuma mstari mmoja:
Nakala ya kwanza iliharibika mpangilio, tafadhali soma hii.
Safari hii faili lilifungwa,
halitikisiki hata ulipindue.

Siku tisa nilichambua maharage
ambayo yalikwisha kuchambuliwa.

Kisha jibu:
Nimezipokea zote mbili.
Nimeisoma ile yenye mfereji. Subiri.

Ile yenye mfereji.
Kwa sababu ilitangulia? Kwa sababu ilimchekesha?
Au kuna mahali, kati ya kurasa themanini na saba,
maji yalipita?
Nakundwa anasema nisiulize. Siulizi.

Ila nimerudi kwa Elinami, nikalipa mia tano yangu,
nikachapa ukurasa ule mmoja, na uharibifu wake wote.
Uko hapa mezani, chini ya kikombe.
Ng?oa.
Baba aliamuru. Nilikuwepo, alikuwa ameshika kofia,
sauti haikupanda wala haikushuka.
Lakini sasa kila nikilitazama neno lile
naona katikati yake mtu aliyeinama,
kama mzee mwenyewe hakuwa na hakika,
kama alikuwa amesimama pale kwenye mikahawa
akisubiri nimkatalie.