Vifundo

Idrija, mwezi wa pili, theluji ya siku tatu juu ya paa,
niliamshwa saa nane usiku na mkono wangu mwenyewe.
Haukuwa mkono. Ulikuwa andazi lililosahauliwa mafutani,
jekundu, la moto, limeumukia kwenye kifundo;
hata shuka likiugusa nasaga meno.
Lojze akawasha taa. "Umeanguka?"
Nianguke wapi, nami nimelala?

Sabini na tatu. Hamsini na saba kati ya hizo
nimeketi mbele ya mto wa kufumia kimia,
jozi ishirini za vijiti zikigongana, mti kwa mti,
kama mvua isiyojua kuchoka.
Nimefunga mafundo mengi kuliko nywele zangu.
Sasa fundo limejifunga ndani yangu
na siioni ncha ya uzi.

Watu wana dawa zao; mdomo haulipi kodi.
Tončka wa ng'ambo ya mto: "Ni jongo hilo. Acha nyama."
Mkaza mwanangu: "Ni maziwa, mama.
Chokaa itoke wapi tena?"
Nikaacha jibini mwezi mzima.
Nikaitazama birika kwa jicho baya,
ule ukoko mweupe uliogandia chini
(maji ya milima hii ni mawe yaliyolegea)
nikasema: basi, nimeunywa mlima,
na mlima umekuja kukaa kiganjani.

Daktari Perko, kijana, kucha safi,
alichoma sindano kifundoni
akavuta maji yenye ukungu.
Akaniita kwenye hadubini. "Tazama mwenyewe."
Nikafumba jicho moja.

Uru.
Uru ndogondogo, kama za karata,
zimetawanyika ovyo, nyingine buluu hafifu,
nzuri, Mungu anisamehe,
nzuri kuliko kimia.

"Si jongo," akasema. "Ni nduguye wa kambo,
huazima koti lake akapiga hodi usiku."
"Na maziwa?"
"Kunywa. Hayana kosa.
Chembe hizi mwili huzisuka wenyewe kwenye gegedu, uzeeni.
Hulala kimya miaka mingi,
siku moja zikadondokea kwenye kiungo,
na askari wa damu yako wakadhani ni wezi."
"Kuna dawa ya kuziyeyusha?"
Hapo kijana akanyamaza.
Nilimpenda kwa kunyamaza kule.

Alipima damu: magnesi, chuma, tezi za shingoni.
Akanifunga gango, akaniandikia barafu,
na vidonge vidogo ambavyo sina ruhusa
kuongeza hata kimoja, hata nikilia.
Siku ya tisa moto ulizimika.
Ukaidi ukabaki.

Kila asubuhi natia mikono kwenye beseni la maji vuguvugu,
nafumba ngumi, nafumbua,
kama mtoto anayefundishwa kuaga.
Kisu cha mkate nimekivisha mpini mnene wa kitambaa.
Lojze amechonga kibao chenye mfereji
wa kusimamishia karata, nisizibane kwa vidole;
uru ikiniangukia nacheka peke yangu,
naye haulizi tena.

Shela ya Nežka nilimwahidi ya dhiraa tatu.
Itakuwa moja. Jozi sita tu za vijiti.
Nusu saa kwa kengele ya jikoni, kisha nainuka,
hata uzi ukiwa njiani.
Hilo ndilo linaloniuma kupita kifundo:
kuinuka katikati.

Kwenye pembe ya kushoto kuna kosa,
kijiti kiliponyoka kikapita chini badala ya juu.
Zamani ningefumua hadi huko, usiku kucha,
taa ikinusa nyusi zangu.
Nililiangalia.
Kengele ikalia.