Leseni

Nyumba ya kumi na nne ilikuwa na bomba
lisilounganishwa na kitu chochote.
Lilichomoza ukutani, likang'aa
kama jino la dhahabu kinywani mwa mdaiwa.
Gitonga akalipapasa: "Maji hapa, mama, ni saa zote."
Nikalifungua. Likakohoa mchanga.
Nikamlipa elfu yake ya kuonyesha,
maana Nairobi hata kuonyeshwa uongo kuna ada.

Usiku ule, Umoja, chini ya dari inayovuja,
nikapiga hesabu nyuma ya daftari la Mutheu:
nyumba kumi na nne, mawakala tisa,
"dakika tano kutoka barabarani"
(dakika za nani? za kunguru?)
na pesa ambazo zingelipa karo ya jioni
kwenye chuo kile juu ya duka la redio, Luthuli.
Mume wangu akacheka: "Unataka nyumba au unataka kazi?"
Nikamwambia, asiyemwamini mchinjaji
na ajifunze kushika kisu.

Basi miezi minane, Jumatatu na Jumatano,
mimi, karani wa hospitali, miaka arobaini na mmoja,
nikajifunza kuita vitu kwa majina yao ya serikalini:
hati miliki, rehani, zuio, ushuru wa stempu.
Nikajua kuisoma ramani ya mpimaji
hadi kwenye jiwe la mpaka lililong'olewa usiku.
Nikajua kugonga ukuta kwa konzi
na kuisikia saruji iliyoibwa.
Rangi mpya, alisema mwalimu Barasa,
ni kauli ya mshtakiwa.

Nilifaulu kwa alama sitini na tatu.
Leseni ikaja na picha yangu, macho yamenitoka
kama mtu aliyefumaniwa sebuleni mwa wenyewe.

Tangu hapo sijaingia nyumba nikaipenda tu.
Kahawa Sukari, baraza lenye mkarakara:
benki imeshaweka zuio.
Donholm, jikoni ambamo jua la asubuhi
lingeangukia meza yangu:
ngazi imekanyaga barabara ya kaunti.
South B kulinukia vitunguu vya mtu mwenye furaha,
nami nikapiga magoti kutazama nyufa.

Na leseni nayo lazima ile. Nikaonyesha wengine.
Siku moja nikaisikia sauti yangu
ikimwambia kijana na mkewe mjamzito:
"Ni dakika tano tu kutoka barabarani."
Mke akatazama viatu vyake.
Tulikuwa tumetembea ishirini na mbili.
Sikuchukua ada.
Nilichukua nusu.

Kisha Komarock, geti la kijani,
maandishi ya brashi, herufi zimechuruzika:
INAUZWA. MAWAKALA MSIGUSE KENGELE.
Hati yake nilikwisha ipekua Ardhi House: safi,
mmiliki mmoja tangu mwanzo, Rael Kwamboka.
Nikaugonga ukuta wa nje, mara mbili.
Umejaa.
Nikagusa kengele.

"Wewe ni wakala?" Jicho moja kwenye tundu.
Leseni ilikuwa shingoni, ndani ya blauzi,
plastiki imenigandia jasho.
"Nina mtoto mmoja," nikasema, "na dari inayovuja."
"Hilo sikuuliza."

Nikaivua. Nikaisukuma chini ya geti,
picha ikitazama juu.
Nikasikia magoti yake yakilalamika akiinama,
kisha jina langu lote, silabi kwa silabi,
Sy-o-mbu-a, kama anayehesabu noti,
kisha kimya, kisha maji, maji ya kweli,
yakijaa ndoo mahali fulani nyuma ya nyumba.

"Syombua," akasema, "nimekusikia ukigonga ukuta wangu.
Umesikia nini?"

Komeo halikusogea bado.