Hatua Themanini

Saa moja na robo asubuhi, Gongoni,
kabla jua halijaanza kuchemsha hewa juu ya mabwawa,
nabandika chubwi la mshipi nyuma ya kamera,
risasi kidogo na utepe mweusi,
maana lenzi ndefu ni kama mtoto aliyeshiba:
humlalia mbebaji upande mmoja.

Droni yapaa. Vumbi. Kisha si vumbi, ni chumvi,
naionja mdomoni.

"Usimkaribie," asema Umazi, mwenye filamu.
"Simama mbali, uvute."
Kwa lenzi fupi ningemwendea hadi utosini,
na mlio ule wa nyigu ungemfanya ashike leso,
atazame juu, aache kuwa yeye.
Basi nasimama angani, mita mia nne kutoka alipo,
nabana pumzi.
Ujinga, najua, droni haipumui kwa mapafu yangu,
lakini kidole kikitikisika unywele mmoja hapa,
kule dunia nzima inayumba.

Na kule, ndani ya skrini iliyo sawa na kiganja,
umbali umekunjwa.
Bwawa la kwanza limepanda juu ya la pili,
la pili juu ya la tatu, jeupe, la waridi, la kijivu.
Malundo yaliyoachana mwendo wa robo saa
yamebanana kama meno,
na bahari, ambayo kwa mguu iko ng'ambo ya mikoko yote ile,
imesimama wima nyuma yao
kama ukuta uliopakwa rangi jana.

Katikati, mama mwenye karai kichwani.
Anakuja.
Anakuja.
Hafiki.

Hiyo ndiyo hila yake:
anayetembea kukukabili hula njia na njia isipungue.
Miguu yapanda, yashuka, karai lameremeta,
naye yuko palepale, kimo kilekile,
kama anayekanyaga cherehani.
"Hapo hapo," Umazi ananong'ona. "Usikate."
Machozi yamemlenga.
"Unaona? Maisha yake yote anatembea, na hafiki."

Mimi nilikuwa nahesabu.
Hatua themanini, kutoka bwawani hadi lundoni.
Nazijua. Nimezipiga likizo mbili za shule,
maji ya chumvi yakiniingia kwenye mikwaruzo.
Alifika. Alimwaga. Alirudi.
Alifika mara sita kabla betri haijaanza kulia,
ila pa kumwagia palikuwa nje ya fremu.

Saa tatu hewa ikachemka,
picha ikatepeta kama kitu kilichozama.
Nikaishusha droni, nikaenda kwa miguu.
Jina lake Mbeyu. Viganja vimempasuka
mipasuko mifupi, kingo nyeupe.
Nikakinga jua kwa kofia aione skrini.
Akajitafuta kwanza kwa leso, kisha kwa mwendo.
Akacheka.
"Na bahari mbona umenibandika mgongoni?"
Ni lenzi, nikamwambia, huvuta vya mbali.
"Huvuta?"
"Huvuta."
Akaelekeza kidevu kwenye tuta la mwisho,
kijumba cha bati cha karani wa malipo,
mwendo wa saa nzima juani, kila Jumamosi,
na Jumamosi nyingine hayupo.
"Basi nivutie kile."

Umazi akacheka, nikacheka,
karai likarudi kichwani.

Usiku, Malindi mjini, feni ikipiga kelele,
nazirudia picha. Nakitafuta kijumba.
Kipo. Juu, pembeni kulia, bati linang'aa,
na kweli kimesogea: kinamgusa bega.
Anainua mkono kulipanga karai,
vidole vyapita mbele ya dirisha
kana kwamba anabisha hodi.

Sekunde nne. Dirisha limefungwa.
Nimezihifadhi kando. Umazi sijamwambia.