Herufi ya Tatu

Walikuja Jumanne, dada na kaka, kila mmoja na gari lake,
wakasimama karakanani kwangu katika vumbi la mawe
bila kutazamana.
Baba yao alikufa Februari, Norfolk ikiwa tope tupu:
miaka themanini na mmoja,
hamsini kati ya hiyo ndani ya maji ya magoti
akikata matete ya kuezekea nyumba za watu.

Wilfred. Hapo walikubaliana.
Kisha Maureen akasema, ukoo wetu ni Reed, kama tete,
E mbili pamoja kama mayai kiotani.
Clive akasema ni Read, kama kusoma,
na cheti changu cha kuzaliwa hiki hapa.
Dada mtu akafungua mkoba, akatoa chake.
Wazazi wale wale. Karani mwingine.

Nikawaambia: mimi hutoza kwa herufi,
na hapa ni nne kwa nne, hakuna atakayekula hasara.
Hawakucheka.
Wakateta juu ya tete mpaka chai ikaota utando.
"Baba alikata nini maisha yake yote?"
"Na babu yake, nani alisoma Zaburi kanisani?"
Nikanyamaza. Nilimjua Wilfred.
Gazeti alilishika sawasawa, kichwa juu miguu chini,
ila macho yake hayakuhama.

Usiku nikateremsha kamusi ya majina ya marehemu mume wangu,
jalada limeshikwa kwa gundi na huruma.
Jina hili, yasema, mara nyingi halikuota majini
wala halikupita shuleni.
Lilianza kichwani mwa mtu mwenye nywele nyekundu:
alikatiza sokoni, wakasema, yule mwekundu,
likamganda,
wakalirithi wajukuu weusi wa nywele kama kunguru.
Mara nyingine (kamusi haiapi)
ni mahali palipofyekwa msitu, au kweli penye matete.

Na kusoma kwenyewe, zamani, kulikuwa kushauri,
kulikuwa kufumbua fumbo;
kitendawili cha Kiingereza kilizaliwa tumbo hilo hilo.
Hata leo Mwingereza akisema kwamba jana alisoma,
mdomo wake hutamka wekundu,
na kalamu yake huandika kana kwamba bado anasoma.
Lugha yetu ndiyo hiyo: sikio laenda huku, wino kule.

Nilikwenda hata kwenye daftari la parokia.
Josiah fulani, mkata matete,
kabatizwa kwa E mbili, kaoa kwa E na A,
kazikwa na E ya ziada mkiani, ambayo hakuwahi kuiona.
Hakuna aliyempigia kelele kaburini.

Mimi ni Thirtle. Msiniulize.

Alhamisi nikashika patasi. W, I, L.
Jina la kale, yasema kamusi: atakaye amani.
Hapo nilicheka peke yangu.
Nilipofika mkiani nikaona nilichokuwa nikichonga,
R, E, D,
wekundu mtupu, umekaa pale tangu ubatizo wake,
haumdai mtu chochote.
Nikaweka patasi chini, nikatoka nje kuvuta sigara
niliyoiacha mwaka wa elfu mbili na tatu.

Mstari wa pili nilichonga R, nikachonga E,
nikaacha upana wa kidole gumba,
nikachonga D.

Jumamosi akaja Bryony, binti wa Clive, kwa baiskeli.
Akavua kofia, nywele zikamwagika kama shaba iliyosuguliwa.
Akapitisha kidole penye pengo, akarudia.
"Babu alitia sahihi hivi," akasema.
"R, halafu mstari mrefu hadi ukingo wa karatasi,
kama tete limelala."
Nikamuuliza, wewe unajiandikaje?
Akainua mabega.
"Inategemea nani ananiuliza."

Jiwe bado limeegemea ukuta wangu.
Mvua ikipiga upande ule, herufi hujaa maji,
pale katikati huteleza tu.
Malipo sijayaona, si ya E, si ya A.