Kufuli Tatu

Filamu ilikwisha saa nne, jenereta ikakohoa,
tukatoka kibandani pale Arua tukibishana.
Ezati kasema wezi wale hawaivi chungu kimoja:
mnene muoga wa giza,
bibi kiziwi wa sikio moja,
na kijana aliyesahau alikoegesha gari!
Nani aibe benki na watu kama hao?
Adriko akasema aliyewaokoa ni mfasiri wetu,
Mzungu akinyamaza, yeye anamtia maneno mdomoni,
tukacheka hata pale pa kulia.

Mimi sikuipenda. Kucheka nilicheka,
ila ule mwisho wa kugombania begi
niliuona tangu walipopanda gari.

Sanduku letu la akiba lina kufuli tatu.
Ufunguo mmoja anao Candiru,
asiyesalimiana na Ayikoru tangu mambo ya yule mbuzi.
Wa pili anao Ayikoru.
Wa tatu huu hapa, kiunoni mwangu.
Kila Alhamisi tunakutana, tumenuniana,
tunafungua, tunahesabu,
tunafunga.
Miaka sita. Haijapungua hata shilingi mia.

Wangekuja kutuuliza sisi, watunga filamu.

Ila kuhusu mbuzi
msiniulize.